Re: Kutambua mwaloni kwa tunda lake, msimu wa kulungu

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje mwaloni upi kulungu unaowawinda Pennsylvania, Marekani, wataufuata, ilhali majani yamekwisha pukutika. Okota tunda, tazama kikofia chake. Cha mwaloni mweupe kina vinundu vinundu na hufunika kama robo ya tunda. Cha mwaloni mwekundu ni bapa, magamba yake membamba yamelala. Lipasue ganda la huu mwekundu na utaona vinyweleo laini kwa ndani.

Tofauti hiyo ina uzito sana. Tunda la mweupe lina tanini (kemikali inayoleta uchungu) kidogo, si chungu, kwa hiyo kulungu hulimaliza kwanza. Isitoshe, huanza kuota vuli hiyohiyo, mara tu baada ya kuanguka. La mwekundu ni chungu, lakini halioti hadi masika, hivyo ndilo linalowalisha baridi ikikaza.

Angalia na vitawi. Mwekundu huchukua miaka 2 kukomaza tunda, basi vuli utakuta vitunda vichanga vimeshikilia bado. Mweupe hana.

Kwa Oktoba mimi ningekaa karibu na mweupe, tena ule wenye vikofia vitupu na kinyesi kibichi chini yake. Desemba, hamia kwa mwekundu.