Padri ndiye aliyeleta hoja ya Mlipuko Mkuu

Kaka, hapo uliposema Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani nadharia kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na wa joto kali kisha ukatanuka, ni hadithi waliyoitunga wakanamungu ili wamkwepe Muumba, sikubaliani nawe. Aliyeileta hoja hiyo ni padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akasema ulianza na kitu kimoja kidogo kilichoshindiliwa mno. Aliyempinga vikali ni mwanaanga wa Uingereza Fred Hoyle, ambaye hakuamini Mungu. Yeye alishikilia kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo.

Ushahidi ukaja kumwangusha Hoyle. Mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, wanasayansi Penzias na Wilson walinasa mvumo hafifu wa mawimbi ya redio kwenye antena yao. Wakadhani labda ni kinyesi cha njiwa, wakakisafisha, mvumo ukabaki palepale. Ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, mwanzo ambao Hoyle aliukana. Hata zile chenga za TV za zamani, sehemu yake ndogo ilitoka huko.

Mimi ni muumini: nasema nyuma ya mwanzo huo yupo aliyesema "Kuwa", ikawa. Asiyeamini anasema kanuni za maumbile zinatosha, au kwamba kuuliza "kabla yake" hakuna maana kama wakati wenyewe ulianzia hapo. Hapo ndipo tunapoachana kweli, si kwenye umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Na Papa Pius wa 12 alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakupendezwa. Alitaka fizikia isimame kivyake.