Upepo wa mbele, upepo wa nyuma: maswali ya baiskeli za safari

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: ile kinga ya plastiki angavu inayofungwa mbele ya usukani ili kumkatia mpanda baiskeli upepo. Nazijibu kadiri zilivyofika.

*Fundi, mwezi wa saba tunatoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa baiskeli zenye gia. Tufunge kinga ya upepo? – Vijana wawili, Shangani*

Mwezi wa saba ni msimu wa kusi, wadogo zangu, nanyi mnaelekea kaskazini. Sehemu kubwa ya njia upepo utawapiga mgongoni au ubavuni. Mtakuwa mmebeba ngao ya kujikinga na mtu anayewasukuma.

Mngekuwa mnatoka Dar kurudi nyumbani, ningejibu vingine. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne. Na unaohesabiwa si mwendo wa magurudumu peke yake: unajumlisha na kasi ya upepo unaokukabili. Ukienda kilomita 15 kwa saa siku iliyotulia, hewa haikusumbui sana, kiasi cha kukaribiana na ukinzani wa taili kwenye lami. Nenda hizo hizo 15 huku upepo wa kilomita 15 kwa saa ukikujia usoni, ukinzani wa hewa tayari ni mara nne. Upepo huo huo ukigeuka ukawa mgongoni, hewa haikuzuii hata kidogo, na kinga inabaki kuwa uzito tu.

Kabla ya kununua chochote, tazameni mnavyokaa. Sehemu kubwa ya ukinzani inatokana na mwili wa mpandaji, baiskeli yenyewe inachangia kidogo. Kunjeni viwiko, inamisheni mgongo, na mizigo ifungeni nyuma juu ya keria, nyembamba, nyuma ya mgongo wenu. Mabegi mapana ya pembeni yanakamata upepo. Hayo yote ni bure.

*Mbona kwenye Tour de France sivioni hivyo vioo, kama kweli vinasaidia? – Mwalimu, Masasi*

Havionekani kwa sababu vinasaidia, Mwalimu. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kilipiga marufuku vifaa vya kukata upepo mashindanoni mwaka 1914. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kulalia chali iliyobuniwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata baiskeli za aina hiyo nazo zikafungiwa. Leo baiskeli zilizofunikwa mwili mzima zinashindana kivyao. Mwaka 2016 huko Nevada, Marekani, Todd Reichert alifikisha kilomita 144 kwa saa kwa miguu yake mwenyewe, barabara tambarare.

Ila asikudanganye muuzaji kwa mfano huo. Reichert alikuwa ndani ya ganda zima. Kioo cha mbele tu, kwa mtu aliyekaa wima na mizigo, hakifanani nacho.

*Nimepata kioo cha bodaboda kilichotumika. Kinafaa? – Muuza samaki, Mikindani*

Hapana, kaka. Ni kizito, na kimeinamishwa kumfaa mtu wa pikipiki. Ukipata karatasi ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu angavu, ya unene wa milimita mbili hivi, ikate, lainisha kingo, uifunge kwa vibano vilivyozungushiwa vipande vya tyubu kuukuu ili isitetemeke. Ioshe kwa maji na sabuni. Petroli na thina zinaipasua nyufa ndogo ndogo.

*Shikamoo. Ninasumbuliwa na upepo wa pembeni kuliko wa mbele. Kinga itapunguza? – Mkulima wa korosho, Tandahimba*

Marahaba. Itaongeza. Kinga iliyofungwa kwenye usukani inageuka nao, hivyo upepo wa ubavuni unaushika usukani wenyewe. Fikiria malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara: likikupita, upepo unakusukuma nje, kisha unakuvuta ndani. Mwenye kinga kubwa anausikia msukumo huo mikononi. Ukilazimika kuwa nayo, iwe ndogo, ishikwe kwenye fremu, na ujaribu kwanza njia isiyo na magari. Siku ya upepo mkali ivue.

*Na joto je? – Mama wa watoto watatu, Lindi mjini*

Hili, mama, ndilo ningependa wengi waulize. Hewa inayokuchelewesha ndiyo inayokausha jasho lako. Mwezi wa pili, kwenye mlima wa kupandisha Newala, mwendo ni wa kutembea kwa miguu. Kinga haipunguzi ukinzani wowote wa maana, ila inakunyima hewa. Wanaoisifia zaidi wanatoka nchi za baridi, ambako inawakinga mikono na kifua. Kwetu faida ya namna hiyo ni mvua za Desemba hadi Aprili, na hata hapo mapaja yatalowa.

*Nikipakia baiskeli kwenye basi, kinga niiache imefungwa? – Mwanafunzi, Nachingwea*

Ifungue, uifunike kwa khanga, ukae nayo ndani. Kwenye buti itakwaruzwa, na juani ukiangalia mbele kupitia plastiki iliyokwaruzwa huoni mashimo.