Je, hidrojeni hutoka "kwa jua"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kemia na huandika makala za sayansi kwa Kiswahili. Katika rasimu yangu niliandika: "Hidrojeni ya kijani inayozalishwa kutoka kwa jua ni chanzo safi cha nishati." Mhariri amefuta "ya" na kuacha "hidrojeni kijani", sehemu iliyobaki hakuigusa. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Kuhusu "ya" uko sahihi wewe, mwalimu, na sababu yake nitaieleza baadaye. Kosa linalonishughulisha zaidi ni lile ambalo nyote wawili mmelipita, nalo limo katika maneno mawili madogo: "kutoka kwa".

Katika Kiswahili cha kuandika kwa uangalifu, "kutoka kwa" hutangulia mtu: barua kutoka kwa mama, ruhusa kutoka kwa mkuu wa shule. Huenda ukasema basi tuandike "kutoka kwenye jua", lakini hilo nalo halitoshi, kwa sababu hidrojeni tunayoizungumzia haitoki juani. Hutoka katika maji. Hakuna mvuna chumvi wa Bagamoyo wala wa Gongoni atakayekuambia kwamba chumvi yake imetoka kwenye jua. Maji ya bahari huingizwa mashambani, jua likayakausha, chumvi ikabaki chini. Chumvi hiyo imetokana na maji ya bahari, na imepatikana kwa jua. Kiswahili kimegawa kazi hizo mbili wazi kabisa: "kutokana na" hutaja asili ya kitu, na "kwa" hutaja nyenzo iliyotumika kukipata.

Hesabu yenyewe unaifundisha darasani. Kilo 9 za maji zikitenganishwa hutoa kilo 1 ya hidrojeni na kilo 8 za oksijeni, na katika uzito huo jua halikuchangia hata gramu moja. Lilichangia nguvu ya kutenganisha. Kwa hiyo tuandike "hidrojeni inayozalishwa kutokana na maji kwa nguvu ya jua". Maneno yameongezeka, nami nayatetea, kwa kuwa sehemu kubwa ya hidrojeni inayotumika viwandani leo hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na utengenezaji wake huachia hewa ukaa nyingi angani. Msomaji akitajiwa jua bila kutajiwa maji, hataona gesi hii mpya inatofautiana na ile ya zamani katika jambo gani.

Penye nafasi, jua lenyewe nalo lifafanuliwe. Ikiwa paneli za sola huzalisha umeme, na umeme huo ndio unaotenganisha maji, andika "kwa umeme wa jua". Ipo pia njia ambayo haipitii kwenye paneli: mwaka 1972 wanasayansi wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kwamba oksidi ya titani ikimulikwa ikiwa ndani ya maji huweza kusaidia kuyatenganisha. Hapo usemi sahihi ni "kwa mwanga wa jua". Nimesoma pia "kupasua maji" katika maelezo ya namna hii. Usemi huo tuwaachie manahodha, kwa kuwa kinachopasua maji ni jahazi, na kemia inahitaji "kutenganisha".

Neno la pili lililonisimamisha ni "chanzo". Limetokana na kitenzi "anza", na kitu hakiwezi kuitwa chanzo ikiwa nguvu yake imeanzia kwingine. Ili kupata kilo 1 ya hidrojeni kwa njia ya umeme, mitambo ya sasa hutumia takriban uniti 50 za umeme, ilhali kilo hiyo hubeba nishati ya uniti zipatazo 33 zinazoweza kutumika. Kilichotoa nguvu hiyo ni jua; hidrojeni imebeba sehemu yake tu. Chanzo, basi, ni jua. Hidrojeni ni kibebeo cha nishati, au, kwa msomaji asiyezoea istilahi hiyo, njia ya kuhifadhi nishati ya jua na kuisafirisha. Najua kwamba "chanzo safi cha nishati" imekwisha kuenea magazetini, lakini anayefundisha vijana kemia hapaswi kuifuata.

Sasa "ya" iliyofutwa. Majina ya rangi yanayochukua viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni matatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. "Kijani" limezaliwa na nomino "jani", kwa hiyo huunganishwa na kinachoelezwa kwa kihusishi -a: shati la kijani, mapazia ya kijani, uchumi wa kijani. "Shati kijani" husikika sana mazungumzoni, na sioni haja ya kumkosoa anayesema hivyo, ila katika maandishi rasmi "hidrojeni ya kijani" ndiyo inayolingana na istilahi nyingine tulizokwisha kuzizoea. Kama utaandika "haidrojeni" au "hidrojeni" ni hiari yako, kwa kuwa yote mawili yamo katika vitabu. Chagua moja ulishike hadi mwisho wa makala.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Gesi hii haina rangi, na katika matumizi yetu ya kale kijani ni rangi ya jani bichi, si sifa ya kiwanda kisichochafua hewa. Maana hiyo mpya inaingia haraka, hasa tangu Kenya ilipozindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, ikilenga zaidi utengenezaji wa mbolea. Mkulima atakayesoma juu ya mbolea hiyo ikiitwa "ya kijani" anaweza kudhani kwamba ni mboji ya majani. Kwa hiyo, pale unapolitaja jina hili kwa mara ya kwanza, andika "hidrojeni ya kijani, yaani gesi inayozalishwa kutokana na maji kwa umeme wa jua au wa upepo", kisha uendelee na jina fupi.