Mkono ndio unaoijua fimbo

Mwanangu mpenzi,

Ile voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa nasonga ugali kwa hiyo nusu nzima ilinipita, mara ya pili nikakaa nayo barazani na baba yako akajifanya anasoma gazeti. Unasema kwenye kikundi chenu cha kusoma vitabu mmefika kwenye 1984 ya George Orwell, kile kitabu cha nchi ambako serikali inamchungulia kila mtu mpaka mawazo yake, na mmeanza kubishana, mmoja wenu anasema huyu mzungu hakuwahi kuishi Urusi hata siku moja, hakuwahi kufungwa na Hitler, sasa hayo ya Kaka Mkubwa na polisi wa mawazo aliyajuaje, si alikuwa anatunga tu. Ukaona umuulize mama yako maana ndiye aliyewalea na Shamba la Wanyama, kitabu chake kingine, cha wanyama wanaomfukuza mwenye shamba halafu nguruwe wanageuka watawala, kile chetu kisicho na jalada, tafsiri ya Kawegere ya mwaka 1967, ambacho kaka yako alichora nguruwe pembeni ya kila ukurasa mpaka nikamchapa.

Haya, swali lako ni alijuaje. Mimi naona swali lenyewe ni alijulia wapi, kwa mgongo au kwa mkono. Nimewaambia tangu mko wadogo na baba yenu anacheka kila nikilisema, anayeijua fimbo vizuri ni aliyeishika. Aliyechapwa anajua inauma, basi. Aliyeishika ndiye anajua uzito wake, anajua ilivyo rahisi kuinyanyua mara ya pili baada ya ile ya kwanza, na anajua uongo gani anajiambia usiku ili alale.

Huyu bwana jina lake halisi ni Eric Blair, amezaliwa India mwaka 1903 mji unaitwa Motihari, baba yake mtumishi wa serikali ya Waingereza kwenye idara ya afyuni, ile dawa ya kulevya. Yaani ule uji aliokunywa utotoni ulinunuliwa kwa hela ya afyuni. Akasomeshwa Eton kwa watoto wa wakubwa, akitoka hapo hakwenda chuo kikuu, mwaka 1922 ana miaka 19 akaenda kuwa polisi wa kikoloni Burma, siku hizi wanaita Myanmar. Miaka mitano. Hapo ndipo waambie wenzako waanzie, wasianzie Urusi.

Kuna makala yake kuhusu mfungwa anapelekwa kunyongwa, asubuhi, mvua imenyesha, na yule mtu zikiwa zimebaki hatua kama arobaini afike kwenye kitanzi anakwepa dimbwi la maji asilowe mguu. Kaka yako aliponiletea lile buku la makala zake nilisoma na kamusi pembeni karibu miaka miwili, na nilipofika kwenye dimbwi nilifunga kitabu nikaenda kupalilia mchicha. Halafu ile ya tembo, hiyo ndiyo naipenda zaidi, au siyo kupenda. Tembo wa watu kakata mnyororo, kaua mtu, wamemwita polisi Blair, anafika anamkuta tembo ametulia anajilia majani kama ng'ombe tu. Hakuna haja ya kumpiga. Lakini nyuma yake wamejaa watu zaidi ya elfu mbili wanamwangalia mzungu mwenye bunduki atafanya nini, na yeye anaandika wazi kabisa kwamba alimpiga ili asionekane mjinga. Wapo wanaobisha kama kweli ilitokea hivyo, wabishane, mimi halinihusu. Asiyeshika bunduki hawezi kuitunga ile aibu. Na kwenye kitabu kingine anakiri kuwapiga ngumi watumishi alipopandwa na hasira, na kwamba nyuso zao zilimfuata mpaka Uingereza.

Sasa najua utasema mama, lakini alichapwa pia. Ndiyo alichapwa, sikatai. Alikwenda Hispania mwishoni mwa 1936 kupigana na wafuasi wa Franco, yule jenerali aliyeiasi serikali, akajiunga na wanamgambo wa chama kidogo cha mrengo wa kushoto kinaitwa POUM, na Mei 1937 karibu na Huesca akasimama kwenye handaki alfajiri, mtu mwenyewe mrefu futi sita na zaidi, risasi ikapita shingoni. Akapona. Karudi Barcelona anakuta chama chake kimepigwa marufuku, na waliokipiga marufuku siyo Franco, ni upande wake mwenyewe, serikali iliyokuwa inaegemea silaha za Stalin, mtawala wa Urusi. Rafiki zake wanatupwa jela kwa kuitwa majasusi wa mafashisti. Polisi wakavamia chumba cha hotelini cha mke wake Eileen usiku, wanaume sita, karibu masaa mawili wanagonga kuta, wanainua mikeka, wanapekua mpaka mapazia, ila kitanda hawakukigusa, kwa sababu mwanamke alikuwa amelala juu yake! Hapo huwa nacheka peke yangu. Udikteta wote ule umeshindwa na haya ya kumwamsha mke wa mtu.

Wakatoroka kwa treni mpaka Ufaransa. Na kilichomkata maini kuliko risasi, nafikiri, ni magazeti. Alisoma habari za vita kubwa ambazo hazikupiganwa na kimya kabisa mahali walipokufa mamia. Akaandika kitabu cha hayo yote, nakala 1,500 tu, na hazikuisha mpaka anakufa. Nani alitaka kusoma? Wenzake wa kushoto hawakutaka Stalin aguswe. Hata Shamba la Wanyama mabwana wachapishaji walikikataa, maana wale nguruwe ni Stalin na wenzake, na wakati ule Stalin ni mshirika wa Waingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia, mmoja akaona labda wale viongozi wangekuwa mnyama mwingine, nguruwe inaudhi. Kikatoka Agosti 1945. Eileen hakukiona kimetoka, alifia kwenye meza ya upasuaji Machi mwaka huo, wakiwa na mtoto wa kulea ambaye hajafika hata mwaka.

Kwa hiyo mgongo nao ulikuwepo. Basi tuseme vyote viwili. Lakini bado nasema mkono, manake angalia hivyo Vita vya Pili alivifanyia nini. Kuanzia 1941 mpaka 1943 alikuwa BBC, redio ya Waingereza, anatangazia India propaganda ya Waingereza, na Eileen kabla ya hapo alifanya kazi idara ya kudhibiti habari. Ile Wizara ya Ukweli ya kwenye 1984, inayotunga uongo wa serikali, wala hakuiona Moscow! Aliiona London, kwenye vikao, kwenye chai mbaya ya kantini, hata kile chumba cha mateso namba 101 kinachowatisha wenzako jina lake limetoka kwenye chumba cha mikutano cha BBC. Alikuwa ndani, anaandika yeye.

Hapa ndipo nilipotaka kufika na nimezunguka makusudi.

Ile picha ya sebuleni ya bibi amekaa kwenye kigoda, yule mama yake na babu yenu, huwa mnasema amenuna. Hajanuna, alikuwa hivyo. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 17, nimemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu unaujua, mwalimu mkuu alikuwa ananiandikisha mimi barua zake. Mwishoni mwa 1973 ilikuwa imetangazwa hapa Tanzania kwamba watu kuhamia kwenye vijiji vya pamoja siyo ombi tena, ni amri, na operesheni ilipofika kwetu wakatafutwa vijana wanaojua kuandika vizuri. Nikapewa daftari kubwa la mistari, peni mbili, kipedi cha wino, na nafasi ya kukaa mbele kwenye lori karibu na dereva. Mwanangu usinicheke, nilijiona waziri.

Daftari lilikuwa na safu, jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, mifugo, halafu ya mwisho, amehamaje. Yule kiongozi aliyekuja na sisi, jina lake nalijua na silitaji, watoto wake wapo na hawana kosa, alisema kwa wote andika kwa hiari yake. Siku ya kwanza nikaandika. Siku ya pili sikuuliza. Siku ya tatu tukafika kwa bibi.

Alikuwa amegoma. Wanamgambo wawili walishapanda juu wanaezua, nyasi zinadondoka uani na vumbi la moshi wa miaka yote ile ya kupika limeshuka juu ya kila kitu, juu ya kuku, juu ya kihenge cha mtama, juu yangu. Bibi amekaa kwenye kigoda hicho hicho katikati, hasemi. Nikapiga magoti mbele yake kwa adabu, nikafungua daftari. Nikashika mkono wake nimwekee dole gumba kwenye wino, dole lenyewe lilikuwa jeusi tayari kwa masizi, lingetosha bila wino. Akanitazama akaniuliza, umeandika nini hapo mama?

Nikamjibu, nimeandika jina lako bibi.

Basi ndiyo hivyo. Akabonyeza. Na miaka yote aliyoishi kijiji kipya, mgeni akija anamwambia huyu mjukuu wangu ana mwandiko mzuri, hata jina langu mimi ameliandika kwenye kitabu cha serikali. Mbele ya watu. Na mimi namimina chai.

Usije ukaenda kwa wenzako ukasema mama kasema kwetu ilikuwa kama kwa Stalin. Sijasema na sitasema. Pale kijijini lilijengwa darasa, likaja bomba, mimi mwenyewe nimefundisha shule ile miaka kumi na moja na watoto niliowafundisha kusoma wengine ni madaktari sasa. Babu yako alikuwa anasema bila kuhamishwa tungebaki kule mlimani na nyani. Labda. Kuna siku nakubaliana naye kabisa, na kuna siku naiona ile safu ya mwisho, nakumbuka nilivyoipamba ile h ya hiari kwa kuivuta mkia.

Na kile ambacho wenzako wanakiita utunzi, yule bwana kwenye 1984 anayekaa ofisini anabadilisha magazeti ya jana yafanane na ya leo, mbona kazi yake anaipenda? Hilo ndilo lilinikamata. Anaona raha kuandika uongo uliopangika vizuri. Mtu aliyechapwa tu asingelijua hilo. Mwaka 1998 nilipita ofisi ya kijiji kwa shida ya kiwanja, nikauliza juu juu kama madaftari ya zamani yapo, kijana akacheka akasema mama, mchwa walishayamaliza zamani. Kwenye kitabu wana tundu la kuchomea karatasi, sisi mchwa tu. Nilifurahi. Halafu nikakasirika njia nzima kwamba nimefurahi.

Sasa lile la mwisho ulilotupia mwishoni mwa voisi kama vile halina maana, ile orodha. Ni kweli. Mwaka 1949, kifua kikuu kimeshamla, 1984 alikuwa ameshakimaliza mwaka wa nyuma yake kule kisiwani Jura, Scotland, akikichapa mwenyewe kitandani kwa mashine manake hakupata mchapaji wa kwenda mbali vile, na kabla hata hakijatoka mwezi Juni, alimpa rafiki yake aliyekuwa anafanya kazi idara ya propaganda ya serikali ya Uingereza majina 38 ya waandishi na watu wengine aliodhani wanaupenda ukomunisti mno, wasiaminiwe kuandikia serikali. Januari 1950 akafa, miaka 46.

Umeniuliza je, hiyo inamfanya awe kama wale nguruwe. Kaka yako anasema hapana, hawakufungwa, walinyimwa kazi ambayo pengine hata wasingeitaka. Baba yako anasema orodha ni orodha. Mimi nilianza kuandika jibu hapa nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta. Mgonjwa, kitandani, rafiki mrembo amekuja kumwona, anaombwa kitu kidogo cha kuandika, na yeye kuandika ndiyo kitu pekee kilichobaki anachokiweza. Ninajua nadhani nini. Nimekaa na hilo jibu mdomoni tangu jana na linawasha. Lakini nikilitoa nitakuwa nimejihukumu na mimi, ama nimejisamehe, na sijawa tayari kwa lolote. Niache kwanza.

Jumapili ukipiga simu ongea na baba yako habari za ule mchango wa harusi, anadhani umemsusa. Na hili la bibi usinifungulie mama yako mdogo akiwepo. Yeye siku ile alikuwa na miaka kumi, akatembea nyuma na wanawake mpaka kijiji kipya, kigoda cha bibi kipo kichwani kwake. Lori letu liliwapita njiani. Nilimpungia mkono.

Mama yako