Karani Habebi Robota: Maswali Yenu Kuhusu Video za Tovuti

Wiki hii karibu kila swali ni la video. Yale yaliyosema "video haichezi, nisaidie fundi", bila kutaja kivinjari wala seva imejibu nini, nimeyaweka kando. Sipigi ramli.

Shikamoo fundi. Nina tovuti ya masomo ya ziada niliyoiandika kwa PHP. Video inacheza vizuri, lakini mwanafunzi akisogeza hadi dakika ya 20 inarudi mwanzo. Nibadilishe kichezeshi? (Ngamiani, Tanga)

Marahaba. Kichezeshi kiache, hakina kosa. Mtu akisogeza mbele, kivinjari hakitaki faili zima, kinaomba kipande: `Range: bytes=60000000-`, yaani nipe kuanzia baiti hiyo hadi mwisho. Programu yako hata haikisikilizi. Inafungua faili, inalimwaga lote kuanzia sifuri na kujibu 200, yaani "chukua lote". Sasa kivinjari kifanyeje?

Seva yenye adabu hujibu 206, yaani "hiki hapa kipande", na kama faili lina baiti 90,000,000 huongeza kichwa cha jibu `Content-Range: bytes 60000000-89999999/90000000`. Itazame vizuri hiyo namba ya katikati. Hesabu inaanzia sifuri, na baiti ya mwisho imo ndani, kwa hiyo ni 89999999. Kila mwezi kuna mtu anaandika 90000000 hapo, kisha ananiletea mimi malalamiko. `Content-Length` nayo iwe ya kipande, 30000000, si ya faili lote. Ukiombwa kuanzia mahali palipopita mwisho wa faili, jibu 416, yaani "kipande hicho hakipo". Na haya si mambo ya jana, maombi ya vipande yamo kwenye HTTP/1.1, kanuni za mawasiliano ya wavuti, tangu 1997.

Nimekueleza ili uyajue, si ili ukayaandike. Bandarini kwetu karani hukagua karatasi na kugonga muhuri, mzigo wanabeba wapagazi. Hujawahi kumwona karani ameinama chini ya robota la katani. Programu yako ni karani. Iangalie kama mwanafunzi amelipa ada, kisha itoe kichwa cha `X-Accel-Redirect` chenye njia ya faili na ikae pembeni. Nginx, programu ya seva inayokaa mbele ya yako, italichukua faili yenyewe, na habari za Range haihitaji kufundishwa na mtu. Sehemu ya usanidi wa Nginx inayoelekeza kwenye video iwekee neno `internal`, la sivyo mjanja atakayebahatisha anwani atajichotea bila kupita kwa karani. Na jina la faili usilichukue kwenye anwani ukalitumia lilivyo. Mtu akikuandikia `../../` anaweza kutembea hadi kwenye nywila za hifadhidata yako.

Tumeweka video za ngoma za kikundi chetu. Android zinacheza, iPhone tunaona mraba mweusi tu. (Bagamoyo)

Ugonjwa ule ule. Safari, kivinjari cha iPhone, huonja kwanza: inaomba `bytes=0-1`, baiti mbili tu. Ikimwagiwa faili zima kwa 200, inasusa. Chrome ni mvumilivu, ndiyo maana mkadhani kazi imekwisha. Pimeni wenyewe:

`curl -s -D - -o /dev/null -r 0-1 anwani-ya-video`

Mkiona 206, tafuteni kosa kwingine. Mkiona 200, someni tena jibu la juu.

Programu yangu ya Python ina wafanyakazi wanne (michakato inayohudumia maombi) na iko mtandaoni moja kwa moja. Wakitazama watu wanne, hata ukurasa wa kuingia unaganda. Ninunue seva kubwa zaidi? (Chumbageni)

Hapana. Makarani wako wanne wote wamebeba marobota, nani atabaki mezani? Weka Nginx mbele ibebe mizigo. Pesa za seva kubwa nunulia diski ya akiba, maana nina hakika huna nakala ya pili ya hizo video.

Nyie wa PHP msicheke. Kwenu sesheni (kumbukumbu ya nani ameingia) ikiachwa wazi wakati video inatiririka, kurasa nyingine za mtazamaji yule yule zinasubiri foleni. Iteni `session_write_close()` kabla ya baiti ya kwanza kutoka.

Video inazungukazunguka muda mrefu kabla ya kuanza, ingawa 206 ninaiona. (Pongwe)

Afadhali wewe umepima. Ndani ya MP4 kuna sehemu iitwayo `moov`, orodha ya fremu ipi iko wapi. Vinasa video vingi huiandika mwishoni kabisa, kwa sababu kabla ya kumaliza kurekodi haijulikani itakuwa na nini. Kivinjari kinalazimika kwenda mkiani kuitafuta, kisha kirudi mwanzo. Ihamishe:

`ffmpeg -i zamani.mp4 -c copy -movflags +faststart mpya.mp4`

Picha haiguswi, ubora unabaki vile vile. Na mkiwa hapo hapo, ondoeni gzip, ubanaji wa seva, kwenye video. MP4 imeshabanwa, mnachosha seva bure na kuvuruga hesabu ya vipande.

Video yangu imetazamwa mara 4,000 kwa siku mbili! Nianze kuuza matangazo? (Bagamoyo)

Unahesabu maombi, si watu. Mtu mmoja akisogeza mbele na nyuma mara kumi, daftari lako linaandika watazamaji kumi. Mtangazaji akigundua atakuita tapeli.

HLS, ile njia ya kutiririsha video vipande vipande, ni lazima? (Muheza)

Kwa klipu ya dakika tatu, hapana, MP4 yenye Range inatosha. Kwa mhadhara wa saa nzima, tumia HLS. Video inakatwa vipande vya sekunde sita hivi, kila kimoja kwa ubora wa aina kadhaa, na simu inachagua kulingana na mtandao. Mnaopakia ubao wa chaki kwa 1080 peke yake hamjui bei ya bando. Mzazi wa Handeni anamlipia mwanawe atazame chaki nyeupe kwa gharama ya mechi ya mpira.

Nimzuieje mtu asiipakue video yangu?

Huwezi. Akiitazama, baiti zimeshafika kwake.