Jibu: Urani ikishatolewa, mabaki yana hatari gani?
Mkuu, umeuliza kwa nini tope la kiwanda cha urani liogopwe wakati urani imeshatolewa. Kinachotolewa ni urani tu. Thoriamu-230 na radiamu-226, elementi zenye mionzi zinazozaliwa urani inapooza, hubaki, na pamoja nazo karibu asilimia 85 ya mionzi ya mawe yaliyochimbwa. Thoriamu hiyo hupungua nusu kwa miaka kama 75,000, na muda wote huo inaendelea kuzaa radiamu.

Ila kinachosahaulika ni kemia. Tope mara nyingi lina asidi ya salfa iliyotumika kiwandani, na elementi zinazoweza kudhuru kama aseniki, seleniamu na molibdenamu. Likiwa na pairaiti (madini ya chuma na salfa), hewa na mvua hutengeneza asidi mpya inayoyeyusha metali. Chokaa husaidia kupunguza asidi, lakini urani ni mjanja: penye oksijeni hushikana na kaboneti (chumvi za kaboni zilizomo majini) na kusafiri hata kwenye maji yasiyo na asidi. Kwa hiyo anayekupimia asidi peke yake hajakupimia kitu.

Angalia Moab, mji wa jimbo la Utah, Marekani. Rundo la tope kama hilo, takriban tani milioni 16, liliachwa kando ya Mto Colorado bila utando wa kuzuia uvujaji chini yake, amonia na urani vikapenya hadi maji ya ardhini. Ikabidi lihamishwe kwa treni hadi Crescent Junction, mbali na mto.