Mama Diwani na daftari lake la bluu

Swali la wiki hii mmeuliza hivi: kiongozi aliyeanzia mtaani akishapanda cheo anabaki kuwa wa mtaani au anageuka? Mi najibu nikiwa Mbeya, na najua wengi wa huku mtakimbilia kutaja wabunge, mtamtaja Sugu aliyetoka kwenye muziki akakaa bungeni miaka 10, 2010 mpaka 2020, mtamtaja Dkt. Tulia Ackson aliyechukua jimbo lile la Mbeya Mjini baada yake akaja kuwa Spika 2022. Hao wanajulikana nchi nzima. Mi nataka kumuongelea diwani, tena mmoja tu, mama ambaye jina lake silitaji wala kata yake siitaji maana sijamuomba ruhusa. Huku kwetu tunamwita Mama Diwani, wanaomjua watamjua.

Jibu langu ni kwamba alibaki, ila kuna kipindi alianza kutuponyoka na mtaa ukamrudisha.

Alikuwa anauza viazi na ndizi soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Wanaojua biashara ya viazi wanaelewa ile shughuli, gunia linashushwa alfajiri, baridi la mwezi wa sita linakata masikio, na ukichelewa umeuziwa yaliyobaki. Soko lilipoungua 2006 watu walipoteza kila kitu, mama yangu mzazi alikuwa na kibanda cha mitumba akarudi nyumbani na kanga aliyovaa tu. Sasa watu wanalia, wengine wameshaanza kubishana nani alikuwa na kibanda wapi, huyu mama akachukua daftari la shule la mwanae, la bluu, akawa anapita mstari kwa mstari anaandika. Fulani, anauza nini, kibanda upande gani, jirani yake wa kulia nani, wa kushoto nani. Hakutumwa na mtu yeyote. Ilipofika kwenda kuanza upya kule eneo la SIDO tulikohamishiwa, sisi wa mstari wetu hatukugombana kabisa maana kila mmoja alikuwa ameandikwa mbele ya jirani yake, huwezi kuja kusema ulikuwa na vibanda vitatu wakati jirani yako anasikia. Mama yangu alipata meza kwa sababu ya ukurasa ule, na hela ya meza ile ndo iliyonimalizisha kidato cha nne. Kwaiyo nikiongea juu ya huyu mama naongea na deni moyoni, mjue hilo.

2009 ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa watu wenyewe ndo walimfuata achukue fomu ya uenyekiti wa mtaa. Akashinda, na 2014 akashinda tena.

Uenyekiti wa mtaa kwa ambao hamjawahi kuuona kwa karibu ni kazi ya ajabu sana. Mshahara hakuna. Mtu anagongewa saa nane usiku kwa sababu mume na mke wanapigana, asubuhi kuna kijana anataka barua ya utambulisho akamdhamini ndugu yake polisi, mchana msiba, jioni mpaka wa kiwanja umesogezwa hatua mbili. Mi niliwahi kupanga mtaa mwingine ambako barua ile ile ilikuwa haitoki mpaka utoe elfu tano ya muhuri, na risiti hupewi, ukiuliza unaambiwa nenda kalale. Kwa huyu mama barua ilikuwa bure, na anakuandikia huku anakuuliza bibi yako anaendeleaje na mguu, na anajua ni mguu gani.

Lakini kilichomtofautisha sio upole, wapole wako wengi. Ni mkutano. Utaratibu wa serikali za mitaa unataka mkutano wa wakazi uitishwe mara kwa mara na mapato na matumizi yasomwe, na mitaa mingi hapa nchini mkutano unaitishwa kukiwa na mgeni kutoka juu, basi. Yeye alikuwa anaitisha kweli. Miaka ile tulikuwa tunachangishana kujenga madarasa ya sekondari ya kata, mnajua wenyewe, wananchi wanapandisha boma mpaka lenta afu mnasubiri halmashauri ije kuezeka, na michango ndo ilikuwa inazaa chuki kubwa kwenye mitaa maana hela inaingia mfukoni kwa watu huwezi kuifuatilia. Mama anasimama pale chini ya mparachichi na daftari la bluu (sio lile la kwanza, alinunua mengine ya rangi hiyo hiyo), anaanza kusoma. Kaya ya fulani imetoa elfu kumi. Kaya ya fulani imeleta tripu moja ya mawe. Saruji mifuko kadhaa, bei hii, duka lile. Fundi kalipwa kiasi hiki, bado anadai. Na anajisoma na yeye mwenyewe, kuna siku alisoma kwamba kaya yake inadaiwa elfu nne, watu wakanyamaza kimya, wiki hiyo hiyo madeni ya mtaa mzima yakalipwa.

2015 akaomba udiwani, kwenye kura za maoni za chama wakampiga chini. Aliyepita alikuwa na gari na hela ya kampeni, yeye alikuwa anatembea kwa miguu na khanga yake. Akarudi sokoni kuuza viazi na uenyekiti akaendelea nao, sikuwahi kumsikia analaumu mtu. 2020 akaomba tena, safari hii akapita, akawa Mheshimiwa.

Na hapa ndo nataka niseme jambo ambalo watu wengi tunawahukumu madiwani bila kulijua. Mtu anatoka kwenye uenyekiti ambako kila kitu kiko mkononi mwake, ugomvi anaumaliza mwenyewe, mchango anaukusanya mwenyewe, anaingia kwenye baraza la madiwani anakuta vitu vingi anavyotukaniwa wala haviko kwenye halmashauri. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Maji yana mamlaka yake. Kodi ya majengo, ambayo ilikuwa mapato ya halmashauri, imekwenda serikali kuu na tangu 2021 unakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Sasa wewe mkazi shimo liko mlangoni kwako unampigia diwani, na diwani hana greda wala hana bajeti ya greda, anachoweza ni kwenda kuomba, kupiga kelele kwenye kikao, na kurudi tena kuomba. Nilimuona amekonda mwaka ule wa kwanza. Alikuwa anaona aibu kuja na majibu ya "nimewasilisha".

Afu akaanza kukwepa. Naliandika hili kwa uchungu ila ni kweli. Mikutano ya kata aliyotuahidi ikapita miezi 3, ikapita 6, karibu mwaka mzima. Tunamuona kwenye picha za uzinduzi, tunamuona anashuka kwenye gari ya mtu, simu inapokelewa na kijana sijui ni nani anasema mheshimiwa yuko kikaoni. Watu wakaanza kusema ndo hao hao. Na mimi nilisema.

Aliyemrudisha ni mzee mmoja wa Kinyakyusa pale mtaani, fundi viatu, ana zaidi ya miaka 70. Walikutana msibani. Mama akamsalimia kwa heshima zote, "mugonile tata", mzee akaitikia vizuri afu akamwambia mbele ya kina mama waliokuwa wanapika: mwanangu, sisi hatukukuchagua ili utuletee barabara, tulikuchagua kwa sababu ulikuwa unatusomea, hata kama hakuna kitu njoo utusomee kwamba hakuna kitu. Nilikuwepo, nilikuwa nabeba maji. Mama hakujibu neno, alikaa chini pale kwenye mkeka na kina mama akaanza kumenya ndizi.

Mwezi haukuisha akaitisha mkutano. Akaja na daftari, akasoma alichoomba, tarehe aliyoomba, aliomba kwa nani, na alichojibiwa. Mengi yalikuwa hapana. Shimo la barabara ya kwenda zahanati: ameandika mara nne, hajajibiwa. Kivuko cha mtoni: kipo kwenye mpango, hela hakuna. Na watu hawakumzomea, walikaa masaa mawili wanasikiliza hapana moja baada ya nyingine, mwisho kijana mmoja wa bajaji akasimama akasema sasa tunajua mlango wa kwenda kugonga, wakajichagua watu sita wakaenda TARURA wenyewe na diwani wao mbele. Lile shimo lilifukiwa kwa kifusi kabla ya mvua, sio lami, kifusi tu, lakini bajaji za kupeleka wajawazito zinapita.

Mikopo ya asilimia 10 nayo aliisimamia hivyo hivyo. Ile ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Kila kikundi cha kata yetu kilichoomba kilisomwa mkutanoni, majina ya wanachama wote, na ukisomwa na wewe haupo pale mtu anauliza huyu nani anaishi wapi. Kikundi hewa kitapenya wapi hapo? Serikali iliposimamisha ile mikopo 2023 ili wapange upya utaratibu aliumia sana kwa sababu kina mama wa kuku na wa batiki walikuwa wameshajaza fomu, iliporudi 2024 alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia waanze tena.

2025 mabaraza yalipovunjwa hakuchukua fomu. Magoti yanamsumbua na alisema viazi vinamuita. Watu walimlilia, akakataa.

Juzi tulikuwa na mkutano wa mtaa, mwenyekiti ni kijana, kachaguliwa 2024, mchangamfu na nampenda, ila alianza na salamu, akaja usafi, akaja ulinzi shirikishi, akataka kufunga. Mama alikuwa amekaa nyuma kwenye ndoo iliyopinduliwa kama mkazi mwingine yeyote. Akanyoosha mkono. Akaomba asomewe mapato na matumizi. Kijana akasema kiukweli taarifa hana mkononi, anaomba apewe wiki mbili. Mama akasema sawa mwanangu, hakuna shida, akafungua kipochi akatoa daftari la bluu na kalamu, akauliza leo tarehe ngapi, akaandika.